Picha Ipo, Mlima Haupo

Kuna watu Mlima Kilimanjaro ukiwaona tu unavua mawingu. Mtu ameshuka stendi ya Moshi sasa hivi, hajanunua hata maji, anainua simu: Kibo hicho, cheupe pee, anga safi. Mimi Moshi nimekwenda kwa harusi, nimekwenda kwa msiba, nimekwenda kikazi, na huo mlima nausikia tu. Wenyeji nao hawasaidii. "Aaa, ungekuja jana!" Kila nikienda, jana yake ulikuwa wazi. Nikaelezwa kwamba jua likishapanda, unyevu wa ule msitu wa chini nao unapanda na kugeuka wingu, kwa hiyo mlima ni wa alfajiri au jioni. Sawa. Nikaamka saa kumi na moja na nusu, nikatoka nimejitanda shuka la nyumba ya wageni. Wingu lilikuwa limeamka saa kumi.

Picha ninayo. Nimenyoosha kidole kuelekea weupe mtupu. Nikaitupia kwenye kundi la familia, nikaandika chini: "Mimi na Mlima Kilimanjaro, mita 5,895." Shemeji akajibu hapo hapo: "Shem, mlima umeenda wapi?" Akamwaga na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi.

Sasa huyo shemeji nina lake. Hajawahi kuvuka Chalinze. Lakini sebuleni kwa baba mkwe ipo picha yake ya enzi za filamu, kasimama kwenye ngazi ya ndege, mguu mmoja juu, mkoba wa ngozi mkononi, miwani myeusi usoni. Ndege imechorwa kwenye pazia la studio! Ukisogea karibu unaona bawa limevunjika pale pazia lilipojikunja, na chini ya ngazi kuna sakafu ya simenti imepasuka. Mkoba ni wa studio, miwani ya studio, koti la studio. Wa umri wangu mnalikumbuka hilo koti: lilikuwa moja, linavaliwa na mtaa mzima, linabanwa kwa pini mgongoni. Na kwa ile picha, mpaka leo mgeni akiingia, akipewa soda anaoneshwa ukutani: "Huyu ndiye msafiri wetu." Mimi niliyepanda basi kweli, nikasimama kweli, naulizwa mlima umeenda wapi.

Nikasema labda wanyama. Barabara ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kilomita 50 hivi, kwa hiyo abiria wa basi unatalii bila kulipa kiingilio. Nikachagua siti ya dirishani, kushoto, makusudi. Lakini kioo cha basi nacho kina tabia zake. Nina swala wengi tu kwenye simu, ila ndani ya kila swala kuna uso wangu umefumba jicho moja. Matuta yapo, vibao vya kupunguza mwendo vipo, dereva wetu yeye nadhani alikuwa na mtu anamdai huko Mafinga, akataka kumwahi kabla hajalala. Mara mtu wa nyuma akapiga kelele: "Simba! Simba kushoto!"

Basi zima likahamia kwenye mapaja yangu.

Nilibonyeza, sikatai. Limetoka kwapa la mama mmoja wa dera la njano na kipande kidogo cha nyasi. Hicho kipande nimekikuza mpaka yamebaki madoadoa, na ndani yake kuna kitu cha rangi ya kahawia, kimekaa kifalme kabisa. Mama watoto anasema ni kichuguu. Aliangalia mara moja tu, huku anachambua mchele.

Haya, nikajiambia, mlima unajificha, simba hangoji, lakini jumba halikimbii. Nikavuka kwenda Unguja kuona Beit al-Ajaib, ile nyumba ya Sultani Barghash ya mwaka 1883, iliyowahi kuwaka taa za umeme na kuwa na lifti wakati sisi wengine ukoo mzima unashindia kibatari. Sasa mimi nikaenda lini? Baada ya Desemba 2020, upande mmoja ulipokwisha kuporomoka. Imesimama zaidi ya miaka 130, haikuweza kuningoja. Nikakuta imezungushiwa mabati. Nimelipa nauli ya boti, nimetapika mpaka bandarini Malindi, nije nipige picha mabati! Mabati si ninayo Mbagala?

Nikamalizia hasira kisiwani Changuu kwa wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, walioandikwa umri kwa rangi mgongoni, wengine wamepita miaka mia. Kobe ndiye mnyama ambaye kila mtu anamsema kwa kutokuwa na haraka. Nikachuchumaa pembeni yake, nikatengeneza tabasamu, nikamwambia kijana wa boti, "Bonyeza." Kijana akasema, "Ngoja kidogo mzee, jua." Katika hiyo kidogo, kobe akanyanyuka akaondoka. Uso wangu umetoka vizuri mno, sijawahi kutoka hivyo. Lakini niko peke yangu kwenye majani, nimechuchumaa, natabasamu, kama mtu aliyebanwa na haja akapata nafuu.

Mombasa sitaki hata kuizungumza. Pale Moi Avenue kwenye yale meno makubwa ya tembo ya aluminiamu, nilimwomba mpita njia anipige. Akaipokea simu kwa adabu, akarudi nyuma hatua mbili. Akarudi tena. Akarudi tena. Nikawa sijui huyu bwana ananipiga picha au anaaga. Ndiyo maana hapo nimekaa mkao wa kukimbia, na meno yamekatika juu zimebaki nguzo tu. Baba mkwe alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akauliza, "Hapo ni mnara wa simu wa wapi?"

Juzi simu ikajaa, ikanishauri yenyewe nifute picha mbovu. Ikanipangia: Moshi yote, Mikumi yote, mabati. Jamani, hata simu! Niliyokuwa naibeba mwenyewe, ilikuwepo!

Binti yangu wa kidato cha tatu akanionea huruma. Akachukua ile ya Changuu, kwa sababu ya uso, akaichezea kwenye programu ya akili mnemba, na chai haijapoa nikawa Uhuru, kileleni kabisa. Kibao cha mbao nyuma, barafu kushoto, anga la bluu. Nimechuchumaa vile vile, na kandambili zangu. Nikamwambia, mwanangu, usiitume. Alishatuma.

Kundi likalipuka. Hongera baba! Huyu ndiye mwanaume! Baba mkwe akaagiza isafishwe kubwa, iwekwe fremu, na sasa inaning'inia sebuleni pembeni ya ndege. Hakuna aliyehoji kandambili kwenye barafu. Shemeji peke yake ndiye aliyeikagua kwa utulivu, kitaalamu, kisha akanivuta uani. "Shem," akaninong'oneza, "hili pazia umelipata studio gani?"

Jumapili tukawa na kikao cha harusi ya mdogo wao. Shemeji ndiye katibu. Ilipofika zamu yangu ya kuahidi, mwenyekiti akasema kupanda ule mlima watu hulipa mamilioni, kwa hiyo mimi laki tano haiwezi kunishinda. Nikasimama. Nikawaambia ndugu zangu, huo mlima sijaupanda, hata kwa macho sijauona, ulizeni Moshi nzima. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Msafiri wetu ana utani sana huyu," akasema mwenyekiti. "Katibu, andika laki tano."

Katibu alikuwa ameshaandika.