Kodi zinapojaza hazina za majimbo ya Marekani

Mwezi Mei 2022, Gavana Gavin Newsom wa California alitangaza kwamba jimbo lake lilikuwa na ziada ya bajeti iliyokaribia dola bilioni 98. Ilipofika Januari 2023 alikuwa akilieleza bunge la jimbo namna ya kuziba pengo la dola bilioni 22.5. Jimbo hilo hutegemea mno kodi ya mapato ya matajiri wachache, ambao kipato chao hupanda na kushuka pamoja na bei za hisa.

Wanaotaka serikali za majimbo zibane matumizi hata hazina inapojaa wana hoja nzito. Tofauti na serikali kuu mjini Washington, karibu majimbo yote, isipokuwa Vermont, yana masharti ya kisheria yanayodai bajeti isiwe na nakisi. Kwa hiyo uchumi unapodorora, jimbo hulazimika kukata huduma au kupandisha kodi wakati uleule watu wanapopoteza kazi na maombi ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, yanapoongezeka. Mshahara au mpango wa kudumu ulioanzishwa mwaka wa neema haupungui kwa sababu tu mapato yamepungua.

Upande wa pili, wa wanaotaka fedha hizo zitumike kwa huduma, nao hausemi ovyo. Sehemu ya ongezeko la mapato huwa ni mfumuko wa bei tu, nao huipandishia serikali gharama vilevile. Tena, baada ya mdororo wa 2008 majimbo mengi yalipunguza fedha za shule na vyuo na kuahirisha ukarabati. Fedha zinazorudi baadaye zikiitwa ziada, deni hilo linasahauliwa.

Colorado ilijaribu kuumaliza ubishi huu kwa fomula. Marekebisho ya katiba ya jimbo ya 1992, yajulikanayo kama TABOR, yanaruhusu mapato ya serikali kukua kwa kiwango cha mfumuko wa bei na ongezeko la watu tu, na kinachozidi hurudishwa kwa walipakodi, isipokuwa wapiga kura wakiamua vingine. Mapato yaliposhuka baada ya 2001, kikomo nacho kilishuka, kisha kikaanza kupanda kutoka huko chini, hata uchumi uliporudi katika hali yake. Ilibidi mwaka 2005 wapiga kura wasimamishe masharti hayo kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu kosa la fomula hiyo ni kwamba haiulizi mapato yametoka wapi, bali hupima jumla yake tu.

Swali hilohilo linawahusu wanaotaka ziada irudishwe kwa kupunguza viwango vya kodi, jambo ambalo wahubiri wa kubana matumizi hulipita kimyakimya. Kodi iliyopunguzwa moja kwa moja ni ahadi ya kudumu kama ulivyo mshahara mpya. Kansas ilipunguza kodi kwa kiasi kikubwa mwaka 2012, ikaandamwa na upungufu wa bajeti, na mwaka 2017 bunge lake likafuta sehemu kubwa ya punguzo hilo licha ya kura ya turufu ya Gavana Sam Brownback.

Utaratibu ulioidhinishwa na wapiga kura wa California mwaka 2014 unanipendeza zaidi: kodi itokanayo na faida ya mauzo ya mali na hisa ikizidi asilimia 8 ya mapato ya mfuko mkuu wa matumizi ya jimbo, sehemu ya kinachozidi huenda kwenye akiba na kulipia madeni. Lakini akiba hiyo ya lazima iliwekewa ukomo wa asilimia 10 ya mapato ya kodi ya mfuko mkuu, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa jimbo ambalo bajeti yake inaweza kupinduka kwa zaidi ya dola bilioni 100 ndani ya miezi minane.