Nunua sauti moja iliyo safi, nyingine zitakuja

Jumapili iliyopita mwanafunzi wangu alipiga gitaa ibada nzima na hakuna aliyemsikia. Nilikuwa benchi la tatu. Niliona vidole vyake vinakwenda sawasawa, mtindo ule wa rumba tuliofanyia mazoezi wiki tatu, lakini kilichotufikia kilikuwa mkwaruzo tu, kama redio iliyo pembeni kidogo ya stesheni. Ngoma zilipoingia, hata mkwaruzo wenyewe ukapotea. Kufikia pambio la tatu alikuwa ameacha kutazama watu, anatazama viatu vyake.

Kijana ana miaka 19. Anakaa kwenye kibanda cha uwakala wa pesa kuanzia asubuhi mpaka saa tatu usiku, na ampu ile, boksi la kupaza sauti ya gitaa lake, aliiwekea akiba miezi saba. Shilingi 380,000. Aliinunua Kariakoo bila kuniambia kwa sababu alitaka kunishtukiza. Mtumba wa Ulaya, wati 15, spika ya inchi 8, na kitufe cha kuzungusha kilichozungukwa na majina ya sauti zaidi ya 20. Muuzaji alimwambia, "Mdogo wangu, humu ndani kuna kila kitu, hutahitaji kununua kingine." Jumatatu tulirudi naye kuomba abadilishiwe hata kwa kuongeza pesa. Tulionyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nimekasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Kwa hiyo naandika kwa yeyote mwenye laki tatu, nne au tano mkononi, anayetafuta ampu moja tu itakayomfaa kanisani, harusini, mazoezini, na siku atakayoitwa ghafla kuziba pengo kwenye bendi.

Ampu ya kila kazi si ile yenye sauti nyingi. Ni ile yenye sauti moja safi, inayobaki safi hata ukiipandisha mpaka mpiga ngoma aisikie. Nikisema hivi vijana wananiona wa zamani, basi na tuutazame muziki wenyewe tunaoupiga. Msikilize Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Sikiliza magitaa ya bendi ya Sikinde yanavyopokezana, au Franco na TPOK Jazz sebene linapokolea. Kila noti imesimama peke yake, unaweza kuihesabu. Solo, solo la pili, ridhimu na besi, yote kwa wakati mmoja, na kila moja linasikika kwa sababu hakuna linalommwagikia mwenzake. Tia mkwaruzo kwenye mpangilio kama huo uone: noti zinagandana kama wali uliozidi maji. Mapambio yetu ya kanisani yametoka kwenye mkondo huohuo. Hata anayepiga taarabu ya kisasa anataka gitaa lisikike kama maji ya bombani yanavyodondoka kwenye sufuria, tone kwa tone.

Sasa usafi huo unaliwa na nini? Unaliwa na ampu kuishiwa nguvu. Unapogonga uzi, mwanzo wa pigo una kilele kifupi kikali sana kuliko sauti inayofuata. Ampu yenye akiba inakipitisha. Ampu isiyo na akiba inakikata kichwa, na hicho kilichokatwa ndicho sikio linachokiita mkwaruzo. Kwenye ampu za transista, zile zisizotumia valvu za kioo, kinakatwa ghafla, ndiyo maana inachoma. Mwanafunzi wangu hakuwa amewasha mkwaruzo wowote Jumapili ile. Alichagua sauti safi kwenye kile kitufe chake. Wati 15 zilikuwa zimefika mwisho tu, zikawa zinakata kila pigo lake.

Kwa hiyo wati si za kelele, ni za akiba. Na hesabu yake inadanganya watu. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili usikie kama sauti imekuwa maradufu unahitaji wati karibu mara 10. Maana yake, muuzaji akikuambia uongeze elfu sabini ili upate wati 20 badala ya 15, hujaongezewa kitu. Kwa kazi ya kupiga na ngoma kamili, kwa ampu ya transista, anzia wati 50. Chini ya hapo ni ya chumbani.

Halafu spika. Hili nalisema kwa kusisitiza kwa sababu nimelisikia kwa masikio yangu, si kwa kusimuliwa. Miaka iliyopita nilikuwa na kiampu cha wati 20 chenye sauti nyembamba kama ya king'ora cha baiskeli. Fundi wangu wa Ilala akachomoa nyaya za spika ya ndani, akaziunga kwenye boksi kuukuu lenye spika ya inchi 12, baada ya kuhakikisha zote mbili ni za omu 8, yaani zina ukinzani sawa wa umeme. Wati zilezile, gitaa lilelile, lakini nilinyamaza. Sauti ilikuwa na kifua. Tangu siku hiyo siangalii ampu ya kazi yenye spika iliyo chini ya inchi 12, hata ikipambwa vipi. Spika ya inchi 8 kwenye kiboksi chembamba haisukumi hewa ya kutosha, na hakuna kitufe cha besi kitakachoiongezea kifua ambacho haina.

Kitu ambacho muuzaji wa Kariakoo hakumwambia kijana ni hiki: uchafu unaweza kuuongeza wakati wowote, usafi hauongezwi. Ukiwa na ampu safi, mwaka huu utanunua pedali ya mkwaruzo, kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadili sauti, mwakani ya mwangwi, baadaye ya korasi, inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Moja ikikuchosha unaiuza, ikiharibika unapeleka hiyo moja kwa fundi na Jumapili unapiga bila hiyo. Lakini ampu inayokwaruza yenyewe haina pedali ya kuisafisha. Na zile sauti 20 na ushehe za ndani, nimemuuliza kijana amezitumia ngapi. Mbili.

Mtu akiniuliza jina, jibu langu la kwanza ni Peavey Bandit. Hawa Peavey ni watu wa Meridian, Mississippi, na Bandit ilitengenezwa kwa mwanamuziki anayeshinda barabarani: spika moja ya inchi 12, wati kati ya 50 na 100 kutegemea toleo, rivabu ndani (mwangwi kama wa ukumbini), na mwili wa kuvumilia kubebwa kwenye keria. Haina sura ya kuvutia, ndiyo maana bei yake inabaki ya wanadamu. Ya ndoto ni Roland JC-120, yaani Jazz Chorus, inayotengenezwa tangu 1975, spika mbili za inchi 12 kila moja na wati zake 60, na ile korasi yake inayozaliwa hewani kwa sababu spika moja inatoa sauti kavu na nyingine inatoa iliyoyumbishwa. Lakini ina uzito wa kilo 28 hivi, na kwa laki tano usiisubiri.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba si kila ampu yenye sauti nyingi ni mbaya. Roland Cube 60 ile ya miaka ya 2000 ina sauti za kuiga ampu nyingine ndani, lakini ina spika ya inchi 12, wati 60, na njia safi iliyoigwa kutoka kwenye hiyo hiyo Jazz Chorus. Hiyo ichukue. Na nakubali kwamba mpangaji wa chumba kimoja anayefanya mazoezi usiku anahitaji tundu la hedifoni kuliko anavyohitaji wati 80. Ampu za valvu, zile zenye taa za kioo ndani, je? Zina utamu wake, sibishi. Ila valvu zinachoka, na seti mpya mara nyingi itabidi uagize nje, na wewe una harusi Jumamosi.

Jambo la umeme halina mjadala. Geuza ampu, soma kibandiko cha nyuma kabla hujauliza bei. Ampu ya Marekani imeandikwa volti 120, ya soko la Japani 100. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, salama yake ni fyuzi kuwahi kukatika, na haiwahi siku zote. Ni kweli unaweza kutumia transfoma ya kupunguza umeme, lakini iwe kubwa kuliko kiwango cha umeme ambacho ampu inakula, kile kilichoandikwa pale nyuma, si wati za spika. Kwa Bandit mimi siwezi kushuka chini ya transfoma ya wati 500. Bei ya transfoma hiyo ikatwe kwenye bei ya ampu. Muuzaji akisema haihusiani, aga uende.

Na nenda na gitaa lako. Lako, na waya wako unaoujua. Dukani mimi huwa nawasha ampu naiacha dakika 20 kabla sijapiga hata noti moja, kwa sababu ugonjwa mwingi hauonekani ikiwa ya baridi. Natega pua, maana transfoma inayoungua ina harufu yake. Kisha nazungusha kila kitufe taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza kidogo ni vumbi, fundi anasafisha kwa dawa. Sauti ikikatika kabisa mahali fulani, hicho kimekufa. Natikisa jeki kwenye tundu lake. Tundu lililolegea ni kazi ya kuchomea risasi tu, lakini bei ishuke. Nachungulia karatasi ya spika kwa tochi ya simu. Naisikiliza bila kupiga: mvumo mdogo ni kawaida, ila mngurumo mzito unaojaza chumba mara nyingi ni kapasita zilizokauka, vile vifaa vya ndani vinavyotunza umeme, na ampu ya miaka 25 kuwa hivyo si ajabu. Mwisho naipandisha mpaka sauti ambayo ningeitumia kanisani na kupiga kodi kubwa ya E, yaani noti za nyuzi zote sita kwa pamoja, kwa nguvu. Hapo ndipo inaposema ukweli wake.

Wauzaji wengine hawapendi. Mmoja aliwahi kuniambia, "Dada, mwambie shemeji aje mwenyewe ajaribu." Nilichomoa waya wangu nikaondoka, na ampu niliyoipata wiki iliyofuata kwa mzee mmoja wa Mbagala, aliyekuwa akipigia bendi kazini enzi zake, ndiyo ninayoipiga mpaka leo. Mzee yule ndiye aliyeiwasha mwenyewe, akanipa kiti, akasema, "Piga mpaka uridhike, mwanangu."

Kijana ameuza kile kiampu jana kwa 250,000 kwa mwanafunzi wa chuo anayekihitaji kwa mazoezi ya chumbani, na amemweleza wazi kwamba kanisani hakitoshi. Ana 70,000 nyingine mkononi. Jumla laki tatu na elfu ishirini. Ikiwa una Bandit au Cube 60 imekaa stoo, hata kama ina jeki iliyolegea au kitufe kinachokwaruza, hapa Dar au Morogoro, tafadhali andika kwenye maoni hapa chini. Jumamosi hii tuna nafasi kuanzia saa nne asubuhi. Tutakuja na gitaa, waya na tochi, na tutaomba utuvumilie dakika 20 za kwanza.