Nishati ya jua si umeme tu

Hapa Arusha ukitaja nishati ya jua, watu wanawaza paneli juu ya bati, betri na waya. Naona tumejibana mapema mno. Zipo plastiki ambazo mwanga wenyewe unazisogeza, bila mota wala waya, na kwa jua tulilonalo zinatuhusu kweli.

Kazi yote inafanywa na molekuli iitwayo azobenzini, ya ukoo mmoja na rangi nyingi za viwandani za vitambaa. Ikitulia huwa imenyooka. Ikipigwa na mwanga wa urujuanimno (UV, ule wa jua usioonekana kwa macho) inajikunja, na ncha zake zinasogeleana kutoka nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 0.9 hivi hadi 0.55. Mwanga wa bluu unainyoosha tena. Molekuli moja ina nguvu ndogo mno, lakini zikipangwa safu ndani ya utando wa plastiki na kujikunja kwa pamoja, upande uliomulikwa unasinyaa na utando mzima unapinda kuifuata taa. Mwaka 2008 kundi la Tomiki Ikeda, Japani, lilivisha mkanda wa namna hiyo kwenye puli mbili, zikazunguka kwa mwanga peke yake.

Kilichonisisimua zaidi ni kazi ya Eindhoven, Uholanzi, ya mwaka 2016: utando unaotikisika wenyewe juani, bila taa ya maabara.

Sasa ingia kwenye kitalu nyumba cha nyanya kule Usa River saa saba mchana. Kijana anazungusha mkono wa chuma, anakunja pazia la pembeni ili joto litoke. Akichelewa, maua yanapukutika. Jioni anarudi kulishusha. Kwa nini jua linaloleta joto lisifungue lenyewe njia ya hewa?

Utando mwembamba hauwezi kunyanyua pazia, hilo nakubali. Ila kufyatua kikomeo chepesi cha dirisha la paani ni kazi ya saizi yake. Ungekaa nje, maana nailoni nyingi za vitalu huzuia urujuanimno, na huko nje jua lingeutafuna kama linavyozitafuna nailoni zenyewe.

Chuo cha Nelson Mandela kiko hapahapa, na kinafundisha sayansi ya nyenzo mpaka uzamivu. Natamani sana mwanafunzi mmoja alichukue swali hili: utando huo utapinda na kunyooka misimu mingapi juu ya paa la Usa River kabla haujachoka?