Lita Mbili na Pilau

Mke wangu ana ugonjwa wa hesabu. Kipande chochote cha karatasi kikipita mbele yake, hata kilichofungia vitumbua, lazima akijumlishie kitu nyuma. Juzi usiku kajumlisha kura yangu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia kati mtaniona juha kabla ya wakati wake.

Mwaka 2020 mgombea udiwani alikuja kijiweni kwetu, akatujazia mafuta bodaboda wote, lita mbili kila mtu. Tukamsindikiza hadi uwanjani tunapiga honi kama tumeoa wote siku moja. Jioni pilau. Mpinzani wake alikuwa mwalimu mstaafu. Huyo alikuja na miwani na daftari, akatuchambulia mitaro na ushuru wa kata dakika arobaini, juani, bila spika, bila hata maji. Kila alichosema kilikuwa kweli tupu, nasi tukaondoka mmoja mmoja kama tunaitwa nyumbani.

Msinicheke kwa pilau. Baba yangu alipofariki, yule wa lita mbili alikuja. Hakutuma bahasha. Alikunja suruali, akashika chepe, akafukia kaburi mpaka shati likamganda mgongoni. Mwalimu hakuonekana, nasikia alikuwa anauguza. Sasa niambieni, ukiwa na msiba unatafuta mtu mwenye sera ya kodi au unatafuta mtu wa kubeba jeneza upande wa pili? Nilimpa kura, na kwa chepe lile ningempa mbili.

Ikaja Juni 2021, bajeti. Tumezunguka simu ya mwenzetu, waziri anasoma kule Dodoma: faini ya bodaboda inashuka kutoka 30,000 hadi 10,000. Weee! Tulirushana. Mwenzetu mmoja alimkumbatia abiria aliyekuwa ndiyo kwanza anauliza nauli. Nikawaambia, mnaona? Tulichagua watu wetu.

Kumbe bajeti hiyohiyo imepandisha tozo ya mafuta shilingi 100 kwa lita. Hiyo hatukuisikia, tulikuwa tunashangilia. Julai ikaingia na tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000. Siku hizo nikimtumia mama hela, ilifika imekonda, akanipigia kuuliza kama nimeoa mke wa pili.

Basi juzi mke wangu kachukua karatasi ya vitumbua.

"Unatumia lita ngapi kwa siku?"

"Tatu."

"Mia tatu. Siku ishirini na sita, 7,800. Kwa mwaka 93,600." Kalamba kidole, kageuza karatasi. "Na trafiki hukuandikia faini mara ngapi kwa mwaka?"

"Mbili. Zote mshikaki, abiria wawili kwa mpigo."

"Kila moja imepungua 20,000. Kwa hiyo baba Salma, ulilipa 93,600 ili uokoe 40,000. Na ukashangilia."

Nilitaka kubisha. Nikamwambia faini ina sura: ina kofia, ina filimbi, inakusimamisha mbele ya abiria, inakudhalilisha. Shilingi mia haina sura. Inakaa ndani ya pampu na wenzake, wewe unaona namba zinakimbia tu, unasema mafuta yamepanda, dunia imeharibika. Mtu anapigana na anayemwona. Hata mbu humpigi mpaka alie sikioni.

Hakunijibu. Akanikumbusha kwamba kulikuwa na sheria iliyoruhusu wagombea kutoa takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. "Ila tumbo lako," akasema, "halikupata nakala ya hukumu."

Hapo iliniuma. Nikakaa kimya, natafuta pa kumshika. Akainuka kwenda kugeuza chapati, na alipogeuka ndipo nikaiona vizuri, kiunoni, imepauka kwa kufuliwa lakini inasomeka: kanga ya kampeni. Ya mgombea yuleyule! Amebebea watoto wawili kanga ile.

"Aaa! Mama Salma! Na wewe ulimpigia nani?"

Hata hakugeuka. Akabonyeza chapati, ikafura.

"Usinilinganishe na wewe. Wewe ulikwenda kwa lita mbili, zikaisha kabla ya mkutano kuanza. Mimi nilipewa doti nzima."