Molekuli Haikuwepo

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuisambaza habari hii kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi tulioko Ujerumani, tena kwa chumvi nyingi za kwake, naona heri niieleze mwenyewe kabla haijamfikia mama. Ni kweli kwamba nilisimama mbele ya wataalamu nikaisifu molekuli ambayo haikuwepo. Si kweli kwamba nililia.

Wafuasi wapya, kazi yangu ni kupiga hesabu za jinsi elektroni zinavyovuka molekuli moja iliyoshikwa kati ya ncha mbili za dhahabu. Wenzetu wa maabara hugusanisha ncha hizo, kisha huzivuta taratibu hadi dhahabu ikatike na molekuli ijipenyeze kwenye pengo. Ncha zikiwa bado zimeshikana kwa atomu moja ya dhahabu, upitishaji wa umeme huwa kwanta moja, kipimo cha msingi cha upitishaji, yaani takriban maikrosimensi 77.5. Bipiridini, ndiyo molekuli yangu, ikichukua nafasi hiyo, upitishaji hushuka hadi kama sehemu moja ya mia ya kiasi hicho, kama walivyopima Xu na Tao mwaka 2003. Kompyuta yangu ilinipa kwanta moja kasoro kidogo.

Mwenye akili timamu angeshtuka, lakini mimi nikatunga nadharia. Hesabu za aina hii zinajulikana kwa kuzidisha upitishaji, kwa sababu huziweka ngazi za nishati za molekuli karibu mno na nishati ya Fermi, yaani nishati ya elektroni zinazobeba umeme kwenye dhahabu, kwa hiyo nilikuwa na pa kujifichia. Tena, mchoro wa upitishaji wa molekuli kwa kila nishati huwa na vilele na mabonde, ilhali wangu ulikuwa umenyooka tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikauita unyoofu huo "uthabiti usio wa kawaida". Mnaofanya kazi hii mmekwisha kuelewa. Naomba mcheke polepole.

Mwishoni mwa maelezo yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kijana mpole asiyezoea kuuliza, aliinua mkono akataka kujua atomu za nitrojeni ziko wapi, maana ndizo zinazoshika dhahabu. Nikafungua picha kwa madaha. Kushoto ilitokea piramidi ya dhahabu, na kulia piramidi nyingine. Nikapeleka ile nukta nyekundu ya tochi katikati, mahali palipopaswa kuwa na pete mbili za kaboni na nitrojeni, nikasema, "Hapa mnaona..." Hapakuonekana kitu ila vijiduara vya njano vilivyojipanga mstari mmoja. Nukta ikaanza kutetemeka. Nikakuza picha, na vijiduara vikawa vikubwa zaidi, njano vilevile. Nikaizungusha picha nyuzi 180, nikitumaini kwamba atomu 20 zimejificha nyuma ya dhahabu, na nilipoona hazipo nikaizungusha tena, safari hii polepole, kana kwamba mwendo wangu wa kwanza ndio uliozitisha. Nilikuwa nimemsifu bwana harusi kwenye karamu ambayo yeye mwenyewe hakufika. Ukumbi ulinyamaza hata feni ya projekta ikasikika.

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hongera," akasema. "Umegundua kwamba dhahabu inapitisha umeme."

Sasa nifikie jambo ambalo rafiki yangu amelisahau katika simulizi lake. Faili lile la waya mtupu wa dhahabu lilikuwa lake, alilitumia kuijaribu programu, kwani waya wa namna hiyo ni lazima utoe jibu la karibu na moja. Alilihifadhi kwenye folda yetu ya pamoja kwa jina lilelile la faili langu, likalifuta la kwangu. Nilipomkabili alinijibu, "Ndugu yangu, si programu imethibitika kuwa nzima?"

Nilirudia hesabu usiku uleule, jibu likashuka hadi linakotakiwa, vilele vikarudi mahali pake, na muhtasari wa mkutano ukarekebishwa. Yule kijana wa mwaka wa kwanza ndiye anayezikagua picha zangu siku hizi kabla hazijapanda ukutani, kwa malipo ya chapati, na ameanza kudai na mchuzi.