Mwalimu mlezi naye apewe kalamu

Kila mwaka mwezi wa saba, shule zikishafunguliwa baada ya likizo ya Juni, ofisi za walimu hapa Mtwara hujaa sura ngeni. Wanakuja na barua ya utambulisho kutoka chuoni, nakala yenye muhuri wa halmashauri, shati lililopigwa pasi vizuri na daftari la maandalio ambalo bado linanukia duka. Ni wanachuo wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha kwa vitendo. Wengine ni wa hapahapa, wanatoka Stella Maris, chuo kikuu kishiriki tulichonacho mjini Mtwara tangu 2009. Wengine wanasoma Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza na wamerudi nyumbani kwa sababu kula kwa mama ni nafuu kuliko kupanga chumba ugenini. Wakigongana na wale wa stashahada kutoka vyuo vya ualimu, shule moja ya mjini inaweza kujikuta na walimu wa mazoezi wa Historia wengi kuliko mikondo ya Historia yenyewe.

Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye sekondari ya kata, na kuwapangia hawa vijana vipindi ni sehemu ya kazi yangu. Nasema basi kwa niaba ya upande unaopokea. Mpango huu unaendeshwa kana kwamba shule ni ukumbi wa mtihani: mwanachuo anafanya, msimamizi wa chuo anasahihisha, shule inatoa madawati. Wakati huo mtu anayemfundisha kijana kuwa mwalimu ni mwalimu mlezi, yule wa somo aliyemwachia darasa lake, na huyo hana alama hata moja mkononi.

Tuangalie inavyokwenda. Mwanachuo anakaa shuleni wiki sita hadi nane, kutegemea chuo chake. Katika muda huo msimamizi anafika mara mbili, pengine tatu. Anafika na gari, ana orodha ya shule za kumaliza kabla jua halijazama, na kesho anatakiwa Masasi, kilomita zipatazo 200 kutoka hapa. Siwalaumu wahadhiri. Ukipewa wanachuo wote wale waliotawanyika kuanzia Kilwa mpaka Mangaka, nawe ungekaa nyuma ya darasa dakika 40, ukajaza fomu, ukasema maneno mawili chini ya mwembe na kuondoka.

Lakini dakika 40 hizo ndizo za uongo kuliko zote. Simu ikishapigwa kwamba gari la chuo limeonekana Mikindani, shule nzima inabadilika. Nimekaa kwenye kipindi cha Jiografia cha Kidato cha Pili siku ya namna hiyo. Kwa majuma mawili kijana alikuwa anafundisha ramani vizuri kabisa, Kiingereza kidogo, Kiswahili kingi, kila baada ya sentensi tatu anauliza "tuko pamoja?" na darasa linaitika. Siku hiyo msimamizi alipovuta kiti nyuma, kijana akahamia Kiingereza kitupu, cha haraka, cha kitabuni. Darasa likawa bubu. Maswali yote yakajibiwa na watoto watatu wa dawati la mbele, wawili kati yao wakiwa wa mwalimu mmoja. Kwenye fomu ikaandikwa kwamba ushirikishaji wa wanafunzi ni dhaifu, na kijana akalala na hiyo.

Ipo na aina ya pili, ambayo walimu wote tunaijua na hatuisemi. Mada inafundishwa Jumatatu, msimamizi anakuja Jumatano, mada inafundishwa tena ileile. Watoto wananyoosha mikono kabla swali halijaisha. Huyu anapata A, na kosa lake pekee ni kwamba watoto wa nyumba za korosho hawajui kuigiza kuchelewa.

Mwalimu mlezi hadanganyiki na lolote kati ya hayo. Anajua kijana anafika saa moja na robo au saa mbili kasorobo. Anajua kama madaftari 80 yalirudi yamesahihishwa kweli au yamepigwa vema tupu. Anajua kama kijana anamfahamu kwa jina yule mtoto anayetembea kutoka mbali na kusinzia kipindi cha tano, au anamwita "wewe wa pale". Anajua zamu yake ilikwendaje: kama alisimama kwenye paredi akasikika, kama alikagua uji, kama alijua la kufanya mtoto alipoanguka kifafa. Hakuna hata moja kati ya haya kwenye fomu ya dakika 40, na ndiyo kazi yenyewe.

Nieleze jambo moja nililoliona kwa macho. Tuna mama mmoja wa Baiolojia, mtu mzima, anayekaribia kustaafu. Alipokea kijana mwenye mwandiko mdogo, tena anaandika ubaoni huku amelipa darasa mgongo na anaongea na ubao. Mama hakumpa hotuba. Kipindi kilipokwisha na watoto kutoka, akamwambia, "Mwanangu, hebu nenda ukae dawati la mwisho kabisa, lile la kona, unisomee ulichoandika." Kijana akaenda, akakaa, akakodoa. Mstari wa tatu ukamshinda. Mama akamwambia sasa geuza shingo uone dirisha linavyopiga mwanga ubaoni kuanzia saa nne, ndiyo maana upande huu wa kulia mimi siandiki chochote baada ya chai. Halafu akamwonyesha namna ya kusimama ubavu, mkono unaandika, uso unabaki kwa watoto. Jambo lenyewe halikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Mpaka anaondoka mwezi wa tisa, yule kijana alikuwa anaandika herufi zinazosomeka toka mlangoni. Kwenye matokeo yake ya BTP, mama yule hayupo popote isipokuwa sahihi ndogo chini ya maandalio ya somo.

Na kwa upande wa fedha ni vilevile. Mwanachuo mwenye mkopo anategemea fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, japo zikichelewa anakula mihogo na sisi. Msimamizi ana posho ya safari. Mwalimu mlezi, kwenye shule yetu, hupata "asante sana mwalimu" na soda siku ya kuagana. Watu watasema kulea ni wito. Sawa, na kuendesha gari la chuo kutoka Dar mpaka Newala nako kungekuwa wito, mbona dereva analipwa?

Sasa nijibu hoja nzito inayotolewa vyuoni, maana naiheshimu. Wanasema ukimpa mwalimu wa shule alama, atazigawa kwa undugu, au atazitumia vibaya zaidi. Binti wa miaka 22, yuko ugenini, amepanga chumba mtaa asioujua, halafu alama zake ziko mkononi mwa mwanaume mmoja anayemwona kila siku. Hofu hiyo si ya kubuni. Ila tujiulize kama mfumo wa sasa unamlinda. Msimamizi wa chuo naye ni mtu mmoja, anakuja na fomu peke yake na kuondoka nayo peke yake. Dawa ni kutomwachia mtu mmoja: mwalimu mlezi ajaze sehemu yake, mkuu wa idara aweke sahihi, mwalimu wa kike wa malezi awe na nafasi ya kusema neno, na chuo kitoe namba ya simu ambayo binti anaweza kuipiga na ikapokelewa. Theluthi ya alama ikitoka shuleni kwa njia hiyo, sioni ni nani ameumia.

Kuna hoja ya pili ambayo vyuo havithubutu kutuambia usoni, niwasaidie. Baadhi yetu walimu hatuwalei hawa vijana, tunawatumia. Agosti hapa kwetu ni mwezi wa mikorosho. Maua yametoka, mashine za salfa zinaunguruma kuanzia Nanyamba mpaka Tandahimba, na mwalimu mwenye ekari zake anapoletewa kijana wa BTP anaona Mungu amejibu. Anamkabidhi vipindi vyote, anamwonyesha kabati la chaki, mkionana tena ni siku ya msimamizi. Kwa Hisabati na Fizikia ni mbaya zaidi, kwa sababu huko hatuna watu. Shule inayoishi kwa mwalimu wa kujitolea anayechangiwa na wazazi, ikipata mwanachuo wa Fizikia itamtwisha kidato cha kwanza mpaka cha nne bila aibu. Mtu bado anajifunza, tumeshamgeuza kuwa idara.

Ndiyo maana nasema jukumu na kalamu viende pamoja. Ukinipa alama za kutoa na posho japo ya vocha na nauli, una haki ya kunidai nilikuwa wapi saa tatu Jumanne wakati kijana wako anafundisha. Leo chuo hakinidai kitu, kwa sababu hakijanipa kitu.

Yapo mambo ya mipango ambayo hayahitaji hata fedha. Wanachuo wanajazana Shangani, Chuno na Rahaleo kwa sababu kila mmoja anajitafutia shule, na nani atajitafutia shule ambako ndoo ya maji inanunuliwa? Ukanda wa juu wa Makonde una shida ya maji ya miaka mingi, na chumba kizuri si rahisi kukipata. Lakini afisa elimu sekondari wa wilaya ana orodha ya shule zenye upungufu kwa kila somo. Chuo kikimwandikia mapema, wakapelekwa watatu watatu kwenye shule moja ya Newala au Nanyumbu, shule itatafuta nyumba. Nyumba za walimu zenye chumba kitupu zipo, na wanakijiji wetu hawajawahi kumwacha mwalimu alale njaa. Mtu mmoja peke yake kule anakata tamaa. Watatu wanapika zamu.

Halafu mada. Kijana anafika Julai akikuta mada katikati, anaondoka Septemba akiiacha nyingine katikati. Mwalimu mwenyewe akirudi darasani anaanza kuuliza mlifika wapi, na watoto, kama ilivyo ada, wanasema hawajafundishwa kabisa. Napendelea apewe mada mbili kamili, azianze yeye, azitungie jaribio yeye, asahihishe, aone kwa macho yake watoto 50 wamekosa swali alilodhani amelifundisha vizuri. Kidato cha Nne asipewe. Wakati huo wao wana mtihani wa utamilifu (mock), na wa taifa unawasubiri Novemba, hawana muda wa kumfundisha mtu kufundisha.

Kuhusu mtaala unaoingia kwa hatua tangu 2024 sina la kusema sana, ila kwamba kwa mara ya kwanza mwanachuo na mwalimu mlezi wote ni wageni wa kitabu kimoja. Shuleni tuna MEWAKA, vikao vya walimu wa somo kujadili mada zinazowasumbua. Mara nyingi mwanachuo haitwi, anaachiwa madarasa ili sisi tukae kikaoni! Aingie naye. Huko ndiko atamsikia mwalimu wa miaka ishirini akikiri kwamba kuna mada hajawahi kuielewa sawasawa.

Watu hupenda kuwacheka walimu wa UPE. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, na Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza 1977, walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu kulekule vijijini: wanafundisha watoto, muda mwingine wanasoma wao, kwa masomo ya posta na redio, chini ya mratibu wa kata. Maarifa ya masomo yalikuwa haba, hilo halina ubishi. Lakini walikuwa na kitu ambacho shahada ya leo haina: aliyewasimamia aliwaona wiki baada ya wiki, wakiwa na malaria, wakiwa na hasira, wakiwa na darasa lenye njaa. Sisi tumeongeza maarifa na tumepunguza macho. Siku hizi ajira yenyewe inapitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na nina hakika kijana aliyelelewa na yule mama wa Baiolojia atajieleza vizuri kuliko aliyepata A ya kipindi kilichorudiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa ofisi za BTP za vyuo vyote vinavyoleta watu kusini. Barua zije Mei, zisije na mwanachuo mwenyewe mlangoni Julai. Zimtaje mwalimu mlezi kwa jina, maana jina hilo tutakuwa tumeshampa mkuu wa shule. Ziambatane na fomu ya kurasa mbili ya kujaza kila wiki, kwa Kiswahili, yenye alama zinazohesabika. Msimamizi akifika, kabla ya kuingia darasani akae na mwalimu mlezi robo saa. Na gari likikaribia Mikindani, tafadhali, lisitupigie simu.