Sindano nyembamba au nene? Tuulize kwanza nani atasoma majibu

Mama mwenye uvimbe kwenye titi akifika hospitali ya wilaya, sindano nyembamba ndiyo iliyo karibu kwa kupima kama ni saratani. Daktari anachoma, anavuta, anapaka chembe kwenye kioo, basi. Gharama ni ndogo, na palipo na msomaji wa kukiangalia kioo kwa hadubini majibu hutoka siku hiyohiyo. Kama ndani mna maji tu, uvimbe hunywea palepale. Kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Shida huanza chembe zikionyesha saratani. Hazisemi kama ugonjwa umeshatoboa kuta za mirija ya maziwa au bado umo ndani. Kupima vipokezi vya homoni (sehemu za chembe ambazo homoni hunasa) kwa chembe hizo kunawezekana, ila kunataka maabara iliyozoea kazi hiyo, na vipokezi ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa apewe tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu cha kuzuia homoni hizo. Sindano nene, ya upana wa milimita 2 hivi, hutoa kinyama kizima, yaani kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, chini ya ganzi, na kinyama kimoja hujibu maswali yote hayo. Wanaoipigania wana hoja, nami niko upande wao.

Lakini kinyama hakijisomi. Kinatakiwa kikae kwenye kopo la fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kwa muda wa saa 6 hadi 72, safari ya kwenda maabara ikiwemo. Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 mwaka 2022, na wataalamu wa patholojia, ndio wasomaji wa vinyama hivyo, ni wachache, wengi wao wako kwenye hospitali kubwa za mijini. Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa ajue ana nini ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Kopo likikwama stendi, au nauli ya kulituma akitwishwa mgonjwa mwenyewe, siku hizo huisha bure. Kununua bastola za sindano (vifaa vya kufyatulia sindano nene) bila kupanga usafiri (hupendeza sana siku ya makabidhiano!) ni kuhamisha foleni tu.

Ipo njia ya kati isiyosemwa sana: kinyama kibingirishwe taratibu juu ya kioo kabla ya kutiwa kwenye fomalini. Kioo kinasomwa leo, kopo linakwenda maabara. Ila bado anahitajika msomaji wa kioo, hata kama ni kwa picha zinazotumwa kwa mtandao.

Pasipo na sindano nene, kuna jibu moja la sindano nyembamba nisiloliamini: "hakuna saratani", ilhali uvimbe ni mgumu na ngozi imevutwa ndani. Mama huyo apewe rufaa, asiambiwe arudi baada ya miezi sita.